Namna ya Kuchagua Baiskeli, Kuitunza na Kuzifuatilia Mbio kwa Uelewa

Mtu anayetaka kununua baiskeli nzuri kwa mara ya kwanza huuliza ni ipi iliyo bora kuliko zote, na swali hilo halina jibu mpaka ijulikane ni barabara gani atakayopita. Kabla ya kuingia dukani au kumtafuta anayeuza iliyotumika, fikiria njia utakayopita siku nyingi zaidi kuliko nyingine, hata kama siyo ile unayoiota. Anayependa mwendo na ambaye njia yake ni lami tupu atafaidika na baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kwenda chini na matairi membamba. Anayechanganya lami na vumbi aangalie baiskeli ya changarawe, ambayo usukani wake ni huohuo lakini fremu yake inaacha nafasi ya matairi yenye upana wa milimita 40 au zaidi. Baiskeli ya milimani, yenye usukani ulionyooka na foku ya springi (uma unaoshika gurudumu la mbele), imeundwa kwa njia za mawe na mizizi. Juu ya lami, uzito wake na meno makubwa ya matairi yake hula nguvu bure. Ukiwa na shaka kati ya mbili, nashauri uchukue inayokubali matairi mapana zaidi, kwa kuwa tairi jembamba huweza kuvalishwa kwenye fremu yenye nafasi, ilhali tairi pana haliwezi kulazimishwa ndani ya fremu iliyobana.

Baada ya aina huja kipimo, nacho kina uzito kuliko chapa, rangi na hata malighafi ya fremu. Fremu iliyo ndefu kuliko mwili haiponi kwa kusogeza kiti mbele, na iliyo fupi mno humfanya mwendeshaji ajikunje hadi magoti yakaribie viwiko. Watengenezaji hutaja ukubwa kwa sentimita au kwa herufi, lakini herufi ileile hubeba maana tofauti kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwa hiyo tafuta jedwali la vipimo la modeli unayoitaka, na kwanza usome tarakimu mbili tu: kimo kutoka katikati ya mhimili wa pedali, yaani ule unaopita ndani ya fremu na kushika mikono ya pedali, hadi usawa wa kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele chini ya usukani, na umbali wa kwenda mbele kutoka wima wa mhimili huo hadi kichwa hichohicho. Ya kwanza inaeleza utainama kiasi gani, na ya pili inaeleza utajinyoosha kiasi gani. Ikiwa ipo baiskeli ambayo tayari unaiendesha kwa raha, hata ya kuazima, ipime na ulinganishe, kwani ushahidi huo ni wa kuaminika kuliko kauli ya muuzaji anayetaka kupunguza mzigo uliomkalia dukani.

Kwa kimo cha kiti ipo hesabu ya zamani inayofaa kuanzia. Simama miguu mitupu, mgongo ukutani, ubane kitabu kati ya mapaja na kukipandisha mpaka kikomee, kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu na kuzidisha kwa 0.883. Aliyepata sentimita 80 ataweka kiti chake karibu sentimita 70.6 kutoka katikati ya mhimili wa pedali, akipima kwa kufuata bomba la kiti. Unene wa soli na urefu wa mikono ya pedali hubadilisha matokeo kidogo, kwa hiyo yahakiki ukiwa juu ya baiskeli: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuyumba; kisha ukikanyaga kwa sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno, na ya nyuma ya goti hutokana na kiti kilichopanda mno. Ganzi ya viganja nayo mara nyingi husababishwa na pua ya kiti iliyoinamishwa, ambayo humsukuma mwendeshaji mbele na kuitwika mikono uzito usioihusu. Sogeza milimita chache tu kwa mara moja, uendeshe kwa siku kadhaa, ndipo uamue tena.

Kuhusu malighafi, maneno ni mengi kuliko tofauti yenyewe. Chuma ni kizito lakini hudumu na huweza kuchomelewa. Alumini ni nyepesi na ya bei ya wastani. Kaboni ni nyepesi zaidi na huweza kufinyangwa katika umbo lolote, ila pigo moja baya linaweza kuacha ufa usioonekana chini ya rangi. Titani haishiki kutu na ni ghali. Kwa bei ileile, fremu ya alumini yenye magurudumu na breki nzuri ina thamani kuliko fremu ya kaboni ambayo mtengenezaji amebana matumizi katika kila kilichofungwa juu yake. Usimalize fedha zote kwenye baiskeli, maana bado utahitaji kofia ngumu, taa za mbele na nyuma, kufuli, pampu, tyubu za akiba na kaptula yenye pedi, na vyote hivyo kwa pamoja si gharama ndogo.

Kukagua iliyotumika

Baiskeli iliyotumika inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko mpya, mradi mnunuzi aikague mchana na bila haraka. Anza na namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa muhuri chini ya mhimili wa pedali. Ikiwa imekwanguliwa, au muuzaji hawezi kueleza alikoipata wala kuonyesha risiti, achana nayo hata kama bei inashawishi, kwani huenda ni mali ya mtu mwingine. Kisha chunguza upande wa chini wa bomba linaloteremka kutoka kichwa cha fremu. Rangi iliyokunjamana au kupasuka karibu na kiungo hicho ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na fremu ya namna hiyo hata fundi hodari hawezi kuirudishia uaminifu wake.

Legeza bomba linaloshika kiti na uone kama linatoka kwenye fremu. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwa miaka bila grisi hung'ang'aniana kiasi kwamba hata kimo cha kiti hakibadilishiki tena. Bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga kwenye kichwa cha fremu, beringi zake zimelegea au zimekwisha. Shika rimu na uisukume kulia na kushoto ili kujua hali ya beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, kisha lizungushe gurudumu na utazame kama linapepesuka. Kupepesuka kidogo hurekebishwa kwa kukaza spoki, lakini rimu ambayo uso wake wa kusuguliwa na breki umeliwa hadi ukabonyea kwa ndani haina dawa isipokuwa kubadilishwa. Kwenye breki za diski tazama unene wa chini unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Cheni ndiyo inayotoa siri kubwa kwa kipimo kidogo. Umbali kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Pima kwa rula ya chuma huku cheni ikiwa imevutwa. Ikizidi urefu huo kwa milimita 1.5 hivi, cheni imefika mwisho. Ikizidi kwa milimita 3, ni karibu hakika kwamba imekwisha kuyala meno ya gia za nyuma, na cheni mpya itateleza juu yake kila utakapokanyaga kwa nguvu. Hilo si sababu ya kuiacha baiskeli, bali ni hoja ya kupunguziwa bei, kwa sababu sasa unajua cheni na gia za nyuma zitabadilishwa kwa fedha zako.

Utunzaji wa kila juma

Baiskeli nyingi haziharibiki kwa matumizi, huharibiwa na mchanga uliochanganyika na oili. Wengi huimwagia cheni oili mpaka ing'ae, wakidhani wanaitendea wema, kumbe kinachohitaji oili ni ndani ya viungo peke yake, na ile ya nje hukusanya vumbi na kugeuka msasa. Ifute cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika chache, kisha uifute tena mpaka nje ionekane karibu kavu. Ukifanya hivyo kila baada ya mvua au safari ya vumbi, cheni itadumu zaidi ya ile ya jirani aliyenunua ya bei kubwa.

Upepo wa matairi upime kwa geji kila juma, kwa kuwa vidole hudanganya na tyubu hupoteza upepo hata bila pancha. Tarakimu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, nayo haifai kuchukuliwa kuwa shabaha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tairi jembamba lililojazwa kama jiwe ndilo lenye kasi. Leo hata wanamashindano wa kulipwa wamehama kutoka milimita 23 hadi 28 na zaidi, kwa sababu kwenye lami yenye mikwaruzo tairi gumu humrusharusha mwendeshaji, na kila mruko ni nguvu iliyopotea. Mwenye mwili mwepesi ajaze kidogo kuliko mwenye mwili mzito, na gurudumu la nyuma lizidi la mbele kidogo, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito.

Pancha ijifunze nyumbani kabla haijakupata njiani. Ukishatoa tyubu, tafuta kwanza kilichoitoboa kwa kupitisha vidole taratibu ndani ya tairi, kwani anayeziba tundu na kuuacha mwiba atalishusha gurudumu tena mbele kidogo. Sugua eneo la tundu kwa msasa, paka solusheni, na usubiri ikauke ndipo ubandike kiraka; kukosa subira hapo ndiko kunakofanya viraka vibanduke. Tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, irudishe ndani, na umalizie kuvalisha tairi upande uliko mdomo wa valvu, kisha usukume valvu kwa ndani kidogo ili kuhakikisha tyubu haikubanwa chini ya ukingo.

Mambo mawili huwasumbua wanaoanza kushika spana. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao skrubu nyingine hukazwa. Na boliti zinazobana sehemu za kaboni zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kando ya boliti, ambacho mara nyingi ni karibu nyutoni mita 5.

Kuendesha pamoja na wenzako

Unaweza kufurahia baiskeli peke yako kwa miaka, lakini hutaielewa mbio yoyote mpaka umeendesha nyuma ya mtu mwingine. Kwenye tambarare, ukishavuka mwendo wa kilomita 25 hivi kwa saa, mpinzani wako mkubwa ni hewa, na mzigo wake hupanda kwa haraka kuliko mwendo wenyewe. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake anaweza kuokoa takriban theluthi moja ya nguvu, na zaidi ya hapo akiwa katikati ya kundi kubwa. Ndiyo maana wanaosafiri pamoja hupokezana mbele, kila mmoja akikaa kwa muda mfupi, kisha akisogea pembeni bila kupunguza mwendo ghafla na kuteremka hadi mkiani.

Adabu ya kundi ni usalama wake. Usifunge breki ghafla, usiyumbe, na usiruhusu gurudumu lako la mbele lipishane ubavuni na gurudumu la nyuma la aliye mbele yako, kwa sababu likiguswa, anayeanguka ni wewe. Aliye mbele aonyeshe mashimo kwa mkono na kutoa sauti, maana wa nyuma hawaoni barabara. Tumia gia nyepesi, miguu ikizunguka mara 80 hadi 95 kwa dakika, badala ya kusukuma gia nzito kwa magoti. Kwa safari inayozidi saa moja na nusu anza kula mapema. Gramu 60 za wanga kwa saa ni kiwango ambacho watu wengi wanakimudu, na anayesubiri mpaka ahisi njaa amekwisha kuchelewa.

Kuzisoma mbio

Aliyewahi kuhisi tofauti ya kuwa mbele na kuwa nyuma ya mtu ataona kwamba saa nne za mbio zinazoonekana kutokuwa na tukio zimejaa hesabu. Waendeshaji wachache huchomoka mapema, na kundi kuu huwaacha kwa makusudi, kwa sababu watu watano wanaopokezana upepo huchoka haraka kuliko mia moja na hamsini. Wachambuzi wana kanuni iliyopewa jina la Robert Chapatte, mwendeshaji wa Ufaransa aliyekuwa baadaye mtangazaji: kundi lililoamua kufukuza linaweza kurudisha karibu dakika moja kwa kila kilomita 10. Kwa hiyo, waliochomoka wakiwa mbele kwa dakika tatu zikiwa zimebaki kilomita 40 wana kila sababu ya kuhofu, na wenye dakika hizohizo zikiwa zimebaki kilomita 15 huenda wakashinda. Tazama pia upepo wa ubavuni. Unapovuma, waendeshaji hujipanga mshazari kuvuka upana wa barabara, na pale nafasi inapokwisha, wanaobaki nje ya mshazari hawana pa kujificha na kundi hukatika vipande.

Kalenda yenyewe si ngumu. Mbio kuu za siku moja ni tano: Milano–Sanremo mwezi Machi, kisha Tour of Flanders, Paris–Roubaix na Liège–Bastogne–Liège katika majira ya kuchipua ya Ulaya, na Il Lombardia mwezi Oktoba. Liège ndiyo kongwe, iliyoanza mwaka 1892, na Paris–Roubaix, iliyoanza mwaka 1896, inajulikana kwa vipande vyake vya barabara ya mawe ambavyo huvunja magurudumu na matumaini kwa pamoja. Mbio za wiki tatu ni Giro d'Italia mwezi Mei, Tour de France mwezi Julai, na Vuelta a España kati ya Agosti na Septemba. Kila moja ina hatua 21, yaani mbio ya siku moja kwa kila hatua, na kwa kawaida siku mbili za mapumziko kati ya siku za mashindano. Tour de France, ambayo huitwa Tour kwa kifupi, ilianza mwaka 1903, na jezi yake ya njano, ya anayeongoza kwa jumla ya muda, imevaliwa tangu mwaka 1919. Kiongozi wa Giro huvaa waridi na wa Vuelta huvaa nyekundu. Katika Tour, jezi ya kijani ni ya mwenye pointi nyingi zaidi, yenye vitone vyekundu ni ya mfalme wa milima, na nyeupe ni ya kijana aliye bora.

Mtazamaji mpya hushangaa kwamba mtu anaweza kushinda Tour bila kushinda hatua nyingi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni muda wote uliojumlishwa. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani aliingia hatua ya mwisho, mbio ya mtu mmojammoja dhidi ya saa kutoka Versailles hadi Paris, akiwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. Alitumia usukani wa nyongeza uliomwezesha kuegemeza viwiko na kuikata hewa, ilhali Fignon aliendesha kichwa wazi bila usukani wa namna hiyo. LeMond alishinda Tour nzima kwa sekunde 8, na hadi leo hakuna tofauti ndogo kuliko hiyo. Katika kilomita 24.5 za siku ile, hewa ilihesabiwa sawa na misuli.

Historia ya mchezo huu ina aibu zake, na Lance Armstrong wa Marekani kunyang'anywa mataji saba ya Tour mwaka 2012 kwa kutumia dawa zilizokatazwa ni kubwa mojawapo, kwa hiyo mpenzi makini hushangilia huku akiwa macho. Lakini ramani ya mchezo inapanuka. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem, mbio ya siku moja ya Ubelgiji, mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Paris–Roubaix ya wanawake ilianza mwaka 2021, Tour de France Femmes mwaka uliofuata, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, ambako Tadej Pogačar wa Slovenia kwa wanaume na Magdeleine Vallieres wa Kanada kwa wanawake walijipatia jezi ya upinde wa mvua, anayoivaa bingwa wa dunia kwa mwaka mzima.

Huna haja ya kutazama kila dakika. Jioni iliyotangulia angalia mchoro wa njia, uone vilima viko wapi na mwisho ukoje. Katika Tour, milima hupangwa kuanzia daraja la nne, ambalo ni jepesi, hadi la kwanza, na ile iliyozidi huitwa ya nje ya daraja. Hatua ya tambarare hutosha kuitazama katika kilomita 30 za mwisho, lakini hatua yenye milima mitatu iangalie tangu ule wa pili, kwa kuwa timu zenye nia huanza kuwachosha wapinzani hapo. Chagua msaidizi mmoja, yule anayebeba chupa na kukata upepo kwa ajili ya kiongozi wake, na umfuatilie kwa wiki zote tatu. Utaelewa timu kwa haraka kuliko ukimtazama mshindi pekee.

Ukipata nafasi ya kwenda kutazama kando ya barabara, chagua mlima au mbio dhidi ya saa. Kwenye tambarare kundi zima hupita kwa sekunde chache, na usipokuwa makini utaondoka umeona rangi tu. Mlimani hupita mmojammoja na nyuso zao husomeka. Fika mapema, kwa sababu barabara hufungwa saa kadhaa kabla, na beba maji na kitu cha kujifunika jua. Mashindano yanapokaribia, mshike mtoto mkono, mfunge mbwa, na usinyooshe simu wala bendera ndani ya barabara, maana waendeshaji hupita karibu kuliko inavyoonekana kwenye skrini.